NILIBONYEZA "SASA", MAMA MKWE AKAPANDA BAJAJI

Haya jamani, wiki nyingine hiyo imeingia. Wale mnaonisimamisha mitaani na kuniuliza kwa nini Jumatano ya juzi nilionekana Sinza nimesimama nje ya gari la maana, jasho linanitoka, mikono kiunoni kama mtu aliyefumaniwa, leo nawapa mkanda mzima. Someni vizuri, maana la kwangu leo kesho ni lako.

Mnajua nina mwenzangu. Nimeshamgusia humu, yule ambaye Mungu akijalia mwakani mtakula ubwabwa. Sasa mama yake ni nesi mstaafu, mama wa maneno machache. Akikutazama tu unajisikia kama unapimwa presha. Kwa muda mrefu jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu, ule unaoitwa mtoto wa jicho, na baada ya kusubiri miezi miwili akapata siku ya kuonana na daktari bingwa ili apangiwe upasuaji. Siku yenyewe ni Jumatano, na namba ya mwisho inatolewa saa 2:30 asubuhi. Ukichelewa, rudi nyumbani ukapange foleni upya.

Mimi nikaona hapo hapo ndipo pa kuuza sura ukweni. Braza wangu mkubwa ana gari la umeme, la kisasa kweli kweli. Jina la kampuni naliweka kapuni, maana kosa halikuwa la kampuni. Ndani yake kuna skrini kubwa kama televisheni ya sebuleni, vitufe vya kubonyeza hakuna, kila kitu ni kugusa. Braza alikuwa anakwenda Dodoma kikazi siku nne, nikamwomba. Akanipa kwa shingo upande.

"Chukua," akasema, "lakini usibonyezebonyeze vitu."

Nikamwambia braza ondoa shaka. Hiyo ndiyo sentensi iliyotangulia maafa yote ya maisha yangu.

Jumanne usiku nikiwa nimepaki uani, nikaunganisha gari na waifai ya simu yangu ili nisikilize muziki. Muziki ukapiga, nikasinzia kwenye kiti. Kuamka, bando langu lote limekwisha, GB 5 nilizonunua jioni ile ile. Nikawalaani watu wa mtandao wa simu hadi nikalala. Kumbe mwizi nilikuwa nimemlalia! Gari lilipoona waifai lilijivutia programu yake mpya kimya kimya, likaiweka akiba, likasubiri ruhusa ya mwenye gari.

Asubuhi saa 1:45 nimefika kwa mama mkwe mtarajiwa, nimenyoosha shati, nanukia. Mwenzangu akachungulia mlangoni: mama anamalizia kujitanda, ingia unywe chai. Nikajibu nipo sawa, nasubiri hapa hapa. Kusema ukweli nilitaka watoke wanikute ndani ya kiyoyozi, mkono mmoja kwenye usukani.

Hapo ndipo skrini ikanisemesha. Programu mpya ipo tayari kusakinishwa. Itachukua kama dakika 45. Gari halitaweza kuendeshwa wakati huo. Chini kuna vitufe viwili: SASA na BAADAYE.

Mpenzi msomaji, nitakuwa mkweli kwako. Sikusoma. Niliona neno "mpya", nikaona neno "sasa", nikabonyeza. Simu yangu nayo huniuliza hivyo hivyo kila mara, nami huibonyeza hivyo hivyo. Ikaniuliza tena nina uhakika. Nikabonyeza nina uhakika. Ilikuwa saa 1:52.

Kiyoyozi kikazima. Muziki ukakatika. Skrini ikawa nyeusi tii, kisha ukatokea mstari mwembamba mweupe unaotambaa kama konokono. Nikagusa kioo cha dirisha kishuke, wapi! Nikakanyaga breki niweke gia, gari limenuna. Mlango kwa bahati ulifunguka. Nikatoka nje kupumua, na pale pale mama mkwe akatokea na mkoba wake na faili la hospitali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Twende, muda unakwenda."

Nikaanza kujiumauma. Nikasema mama, gari linajirekebisha kidogo, dakika chache tu. Akanitazama kwa lile jicho zima. Akauliza dakika ngapi. Nikasema arobaini hivi. Mwenzangu akaangalia ardhi. Nadhani alikuwa anahesabu mahari inavyopanda.

Hazikupita dakika kumi, kijiwe kizima cha jirani kimehamia pale. Watoto wanauliza, "Anko, limekufa?" Dereva wa bodaboda anasema haya magari ya kompyuta ni urembo tu. Kijana mmoja mwenye spana mkononi, sijui aliitoa wapi, akaja na suluhisho: "Bosi, hii dawa yake ndogo. Tunafungua boneti, tunavua waya wa betri, tunahesabu hadi thelathini, tunarudisha. Litaamka lenyewe."

Na mimi, nawaambieni, nilishaanza kutafuta pa kufungulia boneti. Nilikuwa tayari. Mtu akiaibika ukweni hufanya lolote.

Aliyeniokoa ni yule mama mwenyewe. Akauliza kwa upole, "Hicho kinachotembea hapo kwenye kioo ndiyo kazi inaendelea?" Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Basi liacheni. Mgonjwa akishafunguliwa yuko mezani, humwamshi ukamwambia twende kwanza sokoni halafu tutarudi kukushona." Akamgeukia binti yake. "Niitie bajaji."

Saa 2:10 mama mkwe wangu mtarajiwa akapanda bajaji na mkoba wake, vumbi likanibaki mimi na gari la mamilioni. Jamani, kuna aibu na kuna aibu.

Mstari ulifika mwisho saa 2:39. Skrini ikawaka, kiyoyozi kikavuma, gari likanikaribisha kana kwamba hakuna lililotokea. Na sekunde hiyo hiyo simu ikalia. Ni braza, kutoka Dodoma.

"Nani kakuruhusu kuapdeti gari langu?"

Nikabaki mdomo wazi. Kumbe gari lina programu yake kwenye simu ya mwenyewe, na kila jambo kubwa linalofanyika humo yeye anapata ujumbe. Nilipomweleza habari ya spana na betri, upande wa pili kukawa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mshukuru huyo mama. Ungevua huo waya ungenilipa gari."

Jioni aliponipigia tena hasira zikiwa zimeshuka, ndipo akanifundisha, nami nawagawia ninyi bure.

Gari la siku hizi si injini na matairi tu. Ndani yake kuna kompyuta ndogondogo kibao, na baadhi ya magari yanazo hadi kufikia mia moja: moja ya breki, moja ya madirisha, moja ya taa, moja ya kuchaji, na kubwa ya skrini. Zamani programu ya kompyuta hizo ikiwa na kasoro, gari linapelekwa kwa wakala, fundi anachomeka waya wake, anamimina mpya. Sasa hivi kiwanda kinaituma hewani, kama simu yako inavyopokea. Gari linaipokea kupitia laini yake lenyewe au waifai, linakagua kama kweli imetoka kiwandani kwa kuangalia muhuri wake wa siri wa kompyuta, ndipo linaomba ruhusa.

Kwenye kompyuta ile kubwa, magari mengi yana kama vyumba viwili. Programu ya zamani inakaa chumba kimoja ikiendelea na kazi, mpya inaandikwa chumba cha pili, na ikishakamilika gari linahamia huko. Likishindwa, linarudi chumba cha kwanza. Hapo hakuna hatari kubwa. Shida ni kwamba si kila kakompyuta kadogo kana vyumba viwili. Kale ka chumba kimoja lazima kafute ya zamani ndipo kaandike mpya. Sasa ukikata umeme katikati, ya zamani haipo, mpya haijaisha, kakompyuta hakajui hata jina lake. Ndiyo maana gari linagoma kuondoka. Halikununii, linajilinda.

Nikamuuliza braza, kwani kuna haja gani? Gari si liachwe kama lilivyotoka kiwandani? Akanicheka.

Akanipa kisa cha Julai 2015 huko Marekani. Wataalamu wawili wa kompyuta, Charlie Miller na Chris Valasek, walikaa nyumbani na kompyuta zao wakaliingilia kwa mbali gari aina ya Jeep Cherokee likiwa barabara kuu, mwandishi wa habari ndani yake. Ilikuwa majaribio waliyokubaliana naye, lakini waliwasha kiyoyozi, wakapandisha redio, mwisho wakalikatia nguvu katikati ya barabara. Kampuni ikalazimika kuita magari milioni 1.4. Na kwa kuwa magari yale hayakuweza kupokea dawa hewani, wenye magari walitumiwa flashi kwa posta wakachomeke wenyewe. Hebu fikiria mlango wa nyumba yako uko wazi na kufuli linakuja kwa posta!

Halafu kuna kisa cha Mei 2018. Jarida la Consumer Reports la huko huko Marekani lilipima breki za Tesla Model 3. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 97 kwa saa, lilihitaji kama mita 46 kusimama. Jarida likakataa kulipendekeza. Siku chache baadaye kampuni ikatuma programu mpya hewani, jarida likapima upya gari lile lile: likasimama kwa mita 40 na kidogo. Hakuna spana iliyoguswa. Mita sita, mshikaji wangu, ni urefu wa gari na kitu juu. Ni tofauti ya kumgonga mtoto kwenye kivuko na kumkosa.

Lakini msifikiri wenzetu hawaaibiki. Januari 2019 jijini Beijing, gari la umeme la kampuni ya NIO lilizimika kwenye barabara ya Chang'an, ile inayopita mbele ya uwanja wa Tiananmen, kwa sababu mtu ndani yake alianzisha kusakinisha programu wakati wapo kwenye foleni. Walikaa zaidi ya saa nzima, hata kioo hakishuki, askari wakaja kuwashangaa. Niliposikia hivyo nikajisikia nafuu kidogo. Mimi angalau nilikuwa nimepaki.

Na viwanda vyenyewe hukosea. Novemba 2023 kampuni ya Rivian ilituma programu iliyofungwa na vyeti vya usalama visivyo vyake. Magari yaliyoipokea skrini zake zikafa, ingawa kuendeshwa yaliendeshwa. Kampuni yenyewe ikakiri kuwa ni kidole kilichobonyeza pasipo. Mnaona? Kidole! Ugonjwa ni ule ule wa kwangu, tofauti ni idadi ya magari.

Kwa mambo kama hayo Umoja wa Mataifa ulikwishatunga kanuni, namba 156, na Umoja wa Ulaya umeifanya lazima kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Kanuni inataka mwenye gari aambiwe kabla: programu ni ya nini, itachukua muda gani, na kitu gani hakitafanya kazi wakati huo. Inataka pia gari liwe na umeme wa kutosha kumaliza kazi, na likishindwa lirudi kwenye programu ya zamani au likae katika hali ya usalama. Kwa maneno mengine, kuna watu wazima walikaa mezani wakaandika sheria ili mimi niambiwe "dakika 45, gari halitaendeshwa". Nikaambiwa. Sikusoma.

Sasa vijana wenzangu, mnaoanza kujinunulia magari, na ninyi mnaoazima ya braza, shikeni haya ya mjini.

Kwanza, usisakinishe ukiwa na safari. Fanya usiku, gari limepaki nyumbani, na ukiambiwa dakika 45 wewe hesabu saa moja na nusu. Magari mengi yanakuruhusu kupanga saa, kwa mfano saa 8 usiku. Kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba au mjamzito aliyekaribia, weka BAADAYE hadi uwe na gari jingine la kukimbilia.

Pili, angalia betri. Hata gari la umeme lina betri ndogo ya volti 12 inayolisha kompyuta zake, na hiyo ikiwa choka mbaya gari linaweza kukataa kuanza kazi. Gari la mafuta ndiyo zaidi, maana injini imezimwa.

Tatu, bando. Ukimpa waifai ya simu yako anakula kama mgeni wa harusi. Tumia ya nyumbani au ya ofisini, kama bosi hana noma.

Nne, soma maandishi. Utaambiwa nini kimebadilika. Likishamaliza, kabla ya kuingia barabarani jaribu taa, vioo, kamera ya nyuma, breki uani taratibu. Wakati mwingine mipangilio hujirudisha yenyewe.

Tano, mkono wa spana ukae mbali. Na flashi ya mtaani, ya kijana anayekwambia ana "programu kali ya kuongeza spidi", usiichomeke. Muhuri wa kiwandani hauuzwi kijiweni.

Sita, hili ni letu sisi tunaonunua yaliyotumika kutoka nje. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huduma zake za mtandao zimefungwa na soko la kule, hivyo huku linaweza lisipokee kitu hewani. Uliza kabla hujalipa. Uliza pia kama mwenye gari wa zamani ameshajiondoa kwenye programu ya simu, usije ukawa unaendesha na mtu wa mbali anajua ulipolala.

Mtaniuliza, na ile programu yangu ya Jumatano ilileta nini? Nilikuja kusoma nikiwa peke yangu, nje ya geti la hospitali. Yalikuwa mambo mawili. La kwanza, kurekebisha kasoro ya kuchaji iliyokuwa ikikatika yenyewe. Hilo braza alilihitaji kweli. La pili, rangi za picha ya hali ya hewa zionekane vizuri zaidi. Nikainua macho, jua linawaka kama kawaida.

Mama alitoka saa 6. Bajaji ilipita njia za uchochoroni ikamfikisha saa 2:27, dakika tatu kabla dirisha kufungwa. Akapata namba. Akaonwa. Akapangiwa upasuaji mwezi ujao. Nilimfungulia mlango wa nyuma, nikasema mama nisamehe, nilitaka kukuonyesha gari zuri na mwisho nimekuonyesha ujinga wangu.

Akakaa, akafunga mkanda, akanyamaza hadi tukafika karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Nimefanya kazi wodini miaka thelathini. Vijana wanaosema sijui kosa limetoka wapi nimewaona wengi. Anayesema nimebonyeza mimi, huyo naweza kukaa naye."

Mwenzangu akanigusa bega kutoka nyuma. Nikajikaza nisilie, maana kuendesha unalia ni hatari kuliko programu yoyote.

Tulipofika getini, mama akashuka, akageuka.

"Siku ya upasuaji utanipeleka wewe?"

"Ndiyo mama, bila shaka."

"Vizuri," akasema. "Na yule wa bajaji, namba yake chukua."

Nimeichukua. Nimemlipa na advansi. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na wewe unayesoma hapa huku gari linakuuliza sasa au baadaye, nyoosha kidole polepole.